Riba Ikipanda, Riba Ikishuka: Tuweke Wapi Fedha za Mavuno?

 

Katika bonde la Kilombero, kuanzia Ifakara na Mlimba hadi kwetu Uchindile, miezi inayofuata mavuno ndiyo miezi ambayo fedha huonekana majumbani. Mpunga umeuzwa, madeni ya pembejeo yamelipwa, na kilichobaki kinapaswa kuivusha familia hadi Januari shule zinapofunguliwa. Ndipo sisi wa kamati ya msikiti huulizwa: fedha hizi ziwekwe wapi? Wapo waliosikia redioni kwamba riba inabadilika, nao wanataka kuwahi kabla haijabadilika tena.

Tuanze na riba hiyo inayotangazwa. Tangu Januari 2024, Benki Kuu ya Tanzania huongoza sera ya fedha kwa Riba ya Benki Kuu. Ilianza na asilimia 5.5, ikapandishwa hadi 6 mwezi Aprili 2024, kisha ikashushwa hadi 5.75 mwezi Julai 2025. Hayo si malipo ya mweka akiba. Ni kipimo kinachoongoza mikopo ya siku chache baina ya mabenki. Riba za amana huweza kufuata kwa kuchelewa, tena kwa kiasi kidogo. Hesabu ya kidunia basi ni nyepesi: anayetarajia riba kushuka hufunga fedha zake kwa muda maalumu apate kiwango cha leo; anayetarajia kupanda hungoja.

Kwa Muislamu, hata hivyo, lipo swali linalotangulia hesabu hiyo. Halianzi na "kiasi gani?" bali "kwa mkataba gani?" Sura ya Al-Baqarah, kuanzia aya ya 275, inatenganisha biashara na riba, na katika aya ya 279 onyo kwa anayeendelea na riba ni kali mno. Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim inamjumuisha katika lawama mlaji wa riba, mtoaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake. Nasi tunaoshika kalamu za kamati hatuwezi kuipita hadithi hiyo kana kwamba haituhusu.

Tofauti yenyewe tuione kwa mfano wa hapa bondeni. Umempa jirani yako shilingi 1,000,000 anunue mpunga wakati wa mavuno na kuuza bei ikipanda. Mkikubaliana kwamba faida itagawanywa, wewe asilimia 60 naye 40, na kwamba bei ikianguka bila uzembe wake hasara ya mtaji ni yako naye amepoteza jasho lake, hiyo ni mudharaba, nayo ni halali. Ukimwambia, "Lete 1,080,000, mpunga uuzike usiuzike," umekwishaingia katika riba. Asilimia ya mudharaba hupimwa juu ya faida iliyopatikana. Asilimia ya riba hupimwa juu ya mtaji, na huahidiwa kabla ya biashara kufanyika.

Hatuidharau hiyo 80,000. Kwa familia nyingi ni sare za shule na madaftari. Ndiyo maana haitoshi kuwaambia watu waache jambo bila kuwaonyesha mlango mwingine. Mlango upo, na haukufunguliwa jana. Mwaka 1963 Dkt. Ahmad El-Naggar alianzisha huko Mit Ghamr, Misri, benki ya akiba isiyo na riba, na wateja wake wakawa wakulima na watu wa vipato vidogo. Mwaka huohuo Malaysia ilianzisha mfuko wa akiba ya Hija ambao leo unajulikana kwa jina la Tabung Haji, ili wanavijiji waweze kuhiji bila kuuza mashamba yao. Hapa Tanzania, NBC ilianza huduma za Kiislamu mwaka 2010. Amana Bank, benki ya kwanza nchini inayofuata sharia kikamilifu, ilifunguliwa mwaka 2011. Na CRDB ilizindua Al Barakah mwaka 2021.

Jina la Kiarabu peke yake halitoshi. Kabla ya kutia saini, uliza haya. Je, akaunti ni ya wadia, yaani kuhifadhiwa tu, au ni mudharaba? Kama ni mudharaba, uwiano wa kugawana faida ni upi, na miezi iliyopita waliogawiwa walipata kiasi gani? Ni masheikh gani wanaosimamia sharia, na je, fedha hizo hutengwa na zile za riba? Makato ni kiasi gani, yupo wakala wa karibu, na je, fedha zitatoka Januari zinapohitajika? Safari moja ya treni kwenda kufuata fedha huweza kumaliza gawio la miezi kadhaa. Uliza pia kama benki ina leseni ya Benki Kuu, kwa kuwa Bodi ya Bima ya Amana humfidia mwenye amana hadi shilingi 7,500,000 benki inapofilisika.

Aliye mbali na huduma hizo, akahofia wezi na moto nyumbani, aombe akaunti isiyolipa riba katika benki iliyo karibu. Ikiwa riba imekwishaingia, wanazuoni wengi wameelekeza isiliwe, bali itolewe kwa mafukara au manufaa ya umma bila kuihesabu kuwa sadaka. Akaulize kwa sheikh wake.

Mambo mawili hatutaki yasahaulike. Kwanza ni zaka: akiba iliyofikia nisabu na kupitiwa na mwaka wa Hijria hutolewa asilimia 2.5. Pili ni uwazi ndani ya nyumba. Akaunti anayoijua mume peke yake, au mke peke yake, huweza kubaki benki huku mayatima wakikosa ada na mirathi ikikosa kugawanywa. Andikeni jina la benki na namba ya akaunti, na muwajulishe wenzenu. Namba ya siri ibaki siri.

Riba ya Benki Kuu itapanda na kushuka tena. Mkataba wa halali hauhitaji kukimbizana nayo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake na kuibariki ijapokuwa kidogo. Wabillahi tawfiq.