Mama Anaposoma Chuo

Tangu sheria ya mwaka 1992 ilipoanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, mama wa Zagayu anaweza kusomea shahada bila kuhama nyumbani kwake. Lakini jioni, baada ya kuteka maji na kupika, wengi wetu hufungua daftari usingizi umekwisha kutushika. Tunakuwa wakali kwa watoto, halafu tunabaki kujilaumu.

Tuupime kwanza mzigo wenyewe. Hapa nchini krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, na mwaka mzima wa shahada ni krediti 120, yaani saa 1,200. Tukichukua nusu tu ya masomo hayo, ni saa 600: saa 12 kila juma kwa majuma 50. Huo si mzigo wa kubeba kwa siri.

Kabla ya kujiandikisha, keti na baba na watoto wakubwa. Nani atateka maji? Nani atawalaza wadogo? Miezi ya kupalilia na kuchuma pamba, chukua masomo machache. Baada ya mavuno, ongeza. Soma alfajiri akili ikiwa imepumzika, wala usikeshe kila siku.

Wazee walisema mshika mawili moja humponyoka. Nasi tunaongeza: akishikiwa moja, yote mawili hubaki. Kuomba msaada si udhaifu, mama. Cheti kinaweza kungoja mwaka mmoja zaidi. Afya yako na amani ya nyumba hazingoji.