Mganga na Mtoto Aliyemponya



Wazee wetu walitufundisha: tenda wema uende zako, usingoje shukrani. Juma hili twataka kuwasimulia habari za hadithi moja ya Wajapani inayouliza neno gumu zaidi: na kama wema wenyewe wakufuata nyuma, ukiwa na damu mikononi, utakwenda zako wapi?

Hadithi hiyo yaitwa Monster, maana yake zimwi. Aliyeitunga na kuichora ni Naoki Urasawa, nayo ilitoka kidogo kidogo katika gazeti la hadithi za picha tangu mwaka 1994 hata mwaka 2001. Kisha watengenezaji wa sinema waitwao Madhouse, wakiongozwa na Masayuki Kojima, wakaifanya sinema ya michoro, namna ile Wajapani waiitayo anime. Ilionyeshwa katika televisheni ya Japani tangu Aprili 2004 hata Septemba 2005. Ina sehemu 74, na kila sehemu yachukua kadiri ya dakika 24. Basi atakaye kuimaliza awe tayari kukaa karibu saa 30 mbele ya kioo. Na hapo ndipo ulipo ubishi: je, hadithi ya kutia hofu yafaa kwenda polepole namna hiyo?

Sisi tuliitazama jioni baada ya jioni pamoja na mtoto wa kaka yetu mkubwa, kijana aliyezoea sinema za mbio na risasi. Hatujafika sehemu ya ishirini, akaanza kunung'unika: «Baba mdogo, hadithi hii yaenda kama konokono. Mwuaji tumekwisha kumjua. Wangoja nini kumkamata?»

Neno lake si la bure. Lakini tusikie kwanza habari yenyewe.

Mwaka 1986, mganga kijana Mjapani, jina lake Kenzo Tenma, afanya kazi ya kupasua ubongo katika hospitali ya Düsseldorf, Ujerumani ya Magharibi. Siku moja mkuu wa hospitali amwamuru amwache kibarua Mturuki aliyeletwa kwanza, akampasue mwimbaji mashuhuri. Mwimbaji apona, Mturuki afa. Mjane amwendea Tenma na kumpiga kwa ngumi, akilia kwamba mumewe ndiye aliyefika mbele. Yeyote aliyepata kungoja mlangoni mwa hospitali, akamwona mkubwa fulani akipitishwa mbele yake, atamwelewa mama yule bila kufafanuliwa.

Baadaye aletwa mtoto mwanamume, Johan, mwenye risasi kichwani. Na nyuma yake aletwa meya wa mji. Amri ya mkuu ni ile ile. Safari hii Tenma akataa, ampasua mtoto. Mtoto apona, meya afa. Tenma apoteza cheo, apoteza na mchumba wake, binti wa mkuu. Usiku, kando ya kitanda cha mtoto, amwaga hasira zake na kusema kwamba heri mtu kama yule mkuu afe. Haupiti muda, mkuu na waganga wengine wawili wafa kwa sumu, na mtoto atoweka pamoja na dada yake pacha. Miaka 9 baadaye Johan atokea tena, sasa kijana mzuri wa uso na mpole wa sauti. Amwua mtu mbele ya macho ya Tenma, na kumkumbusha ni nani aliyemrudishia uhai.

Hivyo mtazamaji amjua mwuaji tangu sehemu za kwanza. Swali la «ni nani?» limekwisha. Labaki lingine: mganga huyu, aliyeamini kwamba uhai wa watu wote ni sawa, sasa ajifunza kupiga bunduki ili amwue mtu aliyemponya kwa mikono yake. Je, atapiga?

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa sababu ya mwendo ule. Swali la kwanza laweza kujibiwa kwa mbio. La pili halijibiwi ila kwa safari ndefu. Tenma, akisakwa na polisi kwa makosa yasiyo yake, azunguka Ujerumani na kufika hata Prague. Njiani akutana na wagonjwa na watoto walioonewa, ambao wengi hawamsaidii neno katika kumtafuta Johan. Naye kila mara asimama, awatibu. Kijana wetu aliziita sehemu hizo kupoteza wakati. Sisi twaona kinyume: kila mtu anayemtibu amzidishia uzito wa ile bunduki.

Tutoe mfano mmoja. Mjini Munich yumo Richard, askari wa upelelezi wa zamani, aliyepoteza kazi yake na ambaye sasa ajitahidi kuacha pombe. Hadithi yatuketisha naye kwa muda. Twamwona akishindana na kiu yake, akitumaini kukutana tena na binti yake. Kisha Johan amkuta juu ya paa la nyumba, na silaha yake ni maneno ya upole. Na Richard hashuki tena akiwa hai. Kama tungalimjua Richard kwa dakika tano, kifo chake kingalikuwa hesabu tu. Lakini tulikuwa tumekaa naye. Usiku ule tulizima kioo, na hata kijana wetu hakusema neno.

Vivyo hivyo kwa Lunge, mkaguzi wa polisi, ambaye hushika kila habari kichwani kwa kuchezesha vidole kama apigaye mashine ya kuandika. Ashikilia kwamba Johan hayuko, na kwamba mwuaji ni Tenma. Jamaa yake yavunjika, naye haoni. Mtu mwenye kiburi namna hiyo hageuki katika saa mbili za sinema. Hapa apewa miaka.

Tena iko nyumba ya mayatima katika Berlin ya Mashariki, ambamo watoto walifundishwa kutokuwa na moyo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, twasema. Lakini humo humo alitoka Grimmer, mtu ajifunzaye kucheka kama wengine wajifunzavyo lugha ya kigeni, na ambaye huwahurumia watoto kuliko wote. Hadithi haisemi kwamba malezi mabaya ni udhuru. Yamweka Grimmer karibu na Johan, itutazame sisi tuamue.

Tusifiche makosa yake. Watu wakutana kwa bahati mara nyingi mno, kana kwamba Ujerumani ni kijiji kimoja. Katika sehemu za Prague mtu mmoja apewa majina mengi, hata mtazamaji atamani karatasi na kalamu. Na wabaya kadhaa walainika upesi mno wakisha kusema na Tenma. Huko Prague kijana wetu alituacha juma zima. Lakini alirudi mwenyewe, akauliza: «Mganga amefika wapi?»

Kwa wazazi twasema wazi: hii si sinema ya watoto wadogo, ingawa ni ya michoro. Humo mna mauaji, na mna watu wanaosukumwa kujiua. Kwa vijana wakubwa, mzazi aketi nao, sehemu mbili kwa jioni zatosha, na pawe na nafasi ya kuzungumza.

Mwisho wake hatutaufunua. Tutasema tu kwamba, baada ya sehemu ya 74, kijana wetu alituuliza: «Baba mdogo, wewe ungalimpasua nani?» Tukamjibu kwamba tungalimpasua aliyefika kwanza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: «Hata kama ungalijua atakuwa nani?»

Usiku ule hatukumjibu. Tangu hapo tumekwisha kulizungumza neno hilo mezani mara tatu, naye hajalalamika tena juu ya konokono.