Mcheza Kwao Hutunzwa

Kila lisikikapo jina la kijana mwenye asili ya visiwa hivi aking'ara katika kandanda la Ulaya, wapenzi wa mchezo huo huulizana swali moja: je, atachezea nchi gani? Swali hilo husikika katika mabaraza ya Kikwajuni, karibu na Uwanja wa Mao Tse Tung, na husikika pia maofisini. Aghalabu jibu hutolewa kabla kijana mwenyewe hajaulizwa. Akiichagua Tanzania huitwa shujaa. Akichagua nchi alikozaliwa, husomewa methali kama mtu asomewaye hukumu: mkataa kwao mtumwa. Sisi tunaona kwamba hukumu hiyo si ya haki, na wala haijatupatia hata mchezaji mmoja.

Ni vyema kwanza tufahamu uzito wa uamuzi wenyewe. Kwa kanuni za Shirikisho la Kandanda la Dunia, FIFA, mchezaji huchezea nchi ambayo ana uraia wake. Kwa miaka mingi mechi moja tu ya mashindano, akiwa na timu ya taifa ya wakubwa, ilitosha kumfungia mlango wa nchi nyingine maisha yake yote. Kanuni hiyo ililegezwa mwaka 2020. Hivi sasa mchezaji aliyecheza mechi zisizozidi tatu kabla hajatimiza miaka 21 anaweza kuomba kuhama, baada ya kupita miaka mitatu tangu mechi ya mwisho. Lakini aliyekwisha kucheza fainali za Kombe la Dunia au za bara lake hana ruhusa hiyo. Kwa hivyo kijana wa miaka 18 au 19 anatakiwa kuamua jambo litakalomfunga hata atakapokuwa na ndevu za mvi. Anayetakiwa kuamua jambo kama hilo anastahiki kupewa maelezo, wala hastahiki kutukanwa.

Mifano tunayo. Yussuf Poulsen alizaliwa Copenhagen kwa baba Mtanzania na mama Mdenmark. Baba yake alifariki dunia yeye angali mtoto mdogo. Alilelewa huko, akafunzwa mpira huko, akachagua Denmark. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2018 nchini Urusi aliifungia nchi hiyo bao pekee lililoishinda Peru, na mgongoni mwa jezi yake lilikuwa limeandikwa jina la Yurary, jina la baba yake. Je, huyo ndiye wa kuambiwa kwamba amekataa kwao? Mtu anaweza kuitumikia nchi iliyomlea na bado akamheshimu mzee wake mbele ya macho ya dunia nzima.

Wapo pia waliochagua njia ya pili. Adi Yussuf alizaliwa hapa hapa Unguja, akakulia Uingereza na kuchezea vilabu vya huko, kisha akavaa jezi ya Taifa Stars na kuwamo katika kikosi kilichokwenda Misri mwaka 2019, Tanzania ilipofika tena fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika tangu zile za mwaka 1980. Haji Mnoga, mzaliwa wa Portsmouth, naye aliichagua Tanzania, akawamo katika kikosi kilichocheza fainali za Ivory Coast Januari 2024. Vijana hawa hatukuwalea wala hatukuwasomesha mpira. Walikuja kwa hiari yao, na hiari hiyo ni amana mikononi mwetu.

Sisi Wazanzibari tuna sababu ya ziada ya kulitazama suala hili kwa upole, kwa kuwa tunajua maana ya kuwa na jezi mbili. Kijana anayecheza leo Kikwajuni, Malindi au Mlandege akijaaliwa kipaji atavaa jezi ya Zanzibar Heroes katika mashindano ya Afrika Mashariki na Kati, na ya Taifa Stars katika mashindano ya Afrika na ya dunia. Nadir Haroub, maarufu kwa jina la Cannavaro, alizivaa zote mbili kwa heshima na akawa nahodha wa Taifa Stars. Feisal Salum na Mudathir Yahya walikuwamo katika Zanzibar Heroes ya Desemba 2017, iliyoifunga Tanzania Bara mabao 2-1 na kufika fainali, ambako Kenya ilitushinda kwa mikwaju ya penalti huko Machakos. Wachezaji hao wameitumikia Taifa Stars pia, na hakuna aliyewaita wasaliti kwa kuifunga Bara, wala kwa kuitetea Tanzania.

Ni kweli kwamba jezi hizo mbili hazina uzito sawa mbele ya sheria za mpira. Machi 2017 mkutano mkuu wa CAF mjini Addis Ababa uliikubali Zanzibar kuwa mwanachama kamili wa 55. Furaha hiyo haikudumu. Julai mwaka ule ule, mjini Rabat, uanachama ulifutwa kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na wanachama wawili. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, na kwa sababu hiyo jezi ya Heroes haimfungi mchezaji kwa taifa lolote. Kijana wetu wa ng'ambo aambiwe ukweli huo wote, asije akaahidiwa jambo ambalo halimo katika uwezo wa anayeahidi.

Tunageukia sasa kwa viongozi na watendaji wa Serikali, maana kizuizi kikubwa kimo katika makaratasi. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania wanaoishi nje, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2025, ni hatua njema. Lakini hadhi si uraia, na FIFA huangalia uraia. Kumwambia kijana achague jezi, kwa hivyo, huenda ikawa ni kumwambia aweke mezani pasi ya nchi anakoishi, anakofanyia kazi na walikozaliwa ndugu zake. Sheria ni ya wananchi na ina sababu zake. Hatusemi ivunjwe kwa ajili ya mpira. Tunasema anayeombwa kutoa sadaka kubwa kiasi hicho aelezwe mapema, kwa maandishi, na mtu mwenye mamlaka ya kueleza.

Kwa hayo, tunatoa rai tatu. Kwanza, ZFF na TFF washirikiane kuweka daftari la vijana wetu wanaocheza nje, na wazungumze na wazazi wao mtoto akiwa na miaka 15 au 16. Tukingoja mpaka magazeti ya Ulaya yamsifu, tutakuwa tumechelewa. Pili, mchezaji akiitwa kambini, nauli, posho na matibabu yake viwe tayari kabla hajapanda ndege, na mwenzake aliyetoka Unguja kwa boti atendewe vivyo hivyo. Tatu, tusiache kulima shamba letu kwa kutamani mavuno ya jirani. Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, imepewa uenyeji wa fainali za Afrika za mwaka 2027. Haitakuwa busara nafasi zote zisakwe Ulaya hali ya kuwa mtoto wa skuli ya Kikwajuni hana mpira wala mwalimu wa kumfunza.

Wazee wenzetu nao wana wajibu. Simu ya kumlaumu mjukuu aliyeko ng'ambo haina baraka. Afadhali mzee ampigie kumjulia hali, amfundishe jina la mtaa aliokulia babu yake, kisha amwachie nafsi yake iamue. Akija, tumpokee kama mwenyeji. Asipokuja, tumwombee kheri, kwani udugu haukatiki kwa jezi.

Wale wanaopenda kusoma methali ya mkataa kwao wasome na ya pili, ambayo wazee wetu waliiacha kwa makusudi: mcheza kwao hutunzwa. Kutunza ni kazi yetu sisi tulioko hapa, maofisini na mitaani. Na kazi hiyo huanza kabla kijana hajaulizwa ni ipi nchi yake.