Neno moja, nafaka mbili

Mzazi, lugha za Kislavi za Ulaya zilirithi kutoka lugha mama yao neno žito, lenye asili moja na kitenzi cha kuishi: nafaka ndiyo uhai. Baadaye kila taifa likalitumia kwa zao lililojaza ghala lake. Bulgaria leo ni ngano. Poland, wanakoandika żyto, ni rai, nafaka inayostahimili baridi.

Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa siliaki, tofauti hiyo haimwokoi. Ngano, rai na shayiri zote zina gluteni, inayosababisha utumbo wake kuharibika. Akiharisha mara kwa mara, tumbo likijaa na uzito hauongezeki, mpeleke apimwe kwanza. Usimwachishe mkate kabla. Kipimo kinaweza kutoa jibu lisilo sahihi.