*TAMKO LA TAWI: MAKORONGO YA KONDOA YASIHAMIE UMATENGO*



Kila tukigusia hifadhi ya ardhi kikaoni, wapo wanaojibu: "Ukame ni wa Dodoma, Mbinga tuna mvua." Kauli hiyo tunaikataa.

Vilima vya Kondoa vilifyekwa, mifugo ikazidi, mvua ikabeba udongo, yakabaki makorongo. Serikali ilianzisha mradi wa HADO mwaka 1973, na mwaka 1979 ikabidi mifugo yote iondolewe kwenye eneo lililoharibika. Hayo ndiyo malipo ya kuchelewa. Na kule mvua ni chache! Sisi mvua yetu ni kubwa na milima yetu ni mikali. Mvua hiyohiyo tunayojivunia ndiyo itakayotuachia mawe.

Wazee wa Kimatengo walilijua hilo. Ngolo si mapambo. Nyasi zinafyekwa na kupangwa miraba, akina mama wanazifukia kwa udongo, shimo linashika maji, nyasi zinaoza kuwa mbolea. Leo tunalima matuta ya haraka yanayofuata mteremko, kisha tunalalamikia bei ya mbolea.

Udongo huo unaishia Ziwa Nyasa. Mbasa hupanda mitoni kutaga kwenye changarawe. Tope likifunika changarawe, mvuvi wa Lituhi na Liuli anarudi na nyavu tupu. Mkulima wa juu na mvuvi wa ufukweni wana kesi moja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Tusifichane: wapo wanachama, na wapo viongozi wa tawi hili, wanaolima hadi ukingoni. Tumenyamaza kwa kuogopa kura. Kura inayolipwa kwa chanzo cha maji watakuja kuilipa watoto wetu.

*Tumeazimia:*
1. Viongozi wa tawi watoke mitoni kwanza, kabla ya mvua za kwanza.
2. Mwenye shamba la mteremko alime ngolo, au matuta yanayokinga maji.
3. Anayeomba nafasi tawini aulizwe kwanza: shamba lako liko wapi?

Asiyekubali aje kikaoni aseme, asisemee kilabuni.

Wajumbe wa mashina wawasomee wasio na simu.

*Imetolewa na Kamati ya Tawi.*