Daftari la chama lisikabidhiwe WhatsApp

MWANZONI mwa Januari 2021 watumiaji wa WhatsApp katika nchi nyingi walikuta tangazo kwenye simu zao: wakubali masharti mapya kuhusu taarifa zao ifikapo Februari 8, la sivyo wapoteze huduma. Hapakuwa na mkutano wala kura. Uongozi wa kampuni ulikwishaamua.

Hasira ilikuwa kubwa. Wengi walihofu kwamba ujumbe wao ungesomwa na Facebook, iliyoinunua WhatsApp mwaka 2014. Kampuni ilieleza kuwa mazungumzo ya watu binafsi yangeendelea kulindwa na kwamba mabadiliko yalihusu zaidi mawasiliano na wafanyabiashara, lakini maelezo hayo yalikuja watu wakiwa wameanza kuhama. Telegram ilitangaza kupata watumiaji wapya milioni 25 katika saa 72. Katikati ya Januari WhatsApp ikasogeza tarehe hadi Mei 15, na baadaye ikasema haitafunga akaunti ya asiyekubali.

Ni rahisi kudhani kuwa watumiaji walishinda. Ukweli ni kwamba masharti hayakufutwa, na watu hawakupungua. Mwaka 2020 WhatsApp ilikuwa na watumiaji bilioni 2. Mwaka 2025 ilitangazwa kuwa wamepita bilioni 3.

Sababu yake inaeleweka na kila anayeuza ndizi. Mtandao ni kama gulio: muuzaji huenda waliko wanunuzi, na mnunuzi huenda waliko wauzaji. Anayehama peke yake hujikuta amekaa na mikungu yake pasipo na mtu. Ndiyo maana wengi waliohama walirudi.

Jambo hili linawahusu wakulima wa Kashozi na wenzao wa Bukoba na Muleba. Siku hizi bei ya kahawa, siku ya kupima na tangazo la mkutano hupita kwenye makundi ya WhatsApp. Ni njia rahisi na ya haraka, na hakuna sababu ya kuiacha. Hatari huanza pale kundi linapogeuka kuwa ndilo daftari la chama.

Kiuchumi, mteja asiyeridhika ana njia mbili: kuondoka au kupaza sauti. Mkulima wa Kagera anazijua zote. Malipo yanapochelewa, kahawa huvushwa kwa magendo kwenda Uganda, na mwenye shida ya haraka huuza butura, yaani kahawa ingali mtini, kwa bei ya kutupa. Huko ni kuondoka kimya kimya, na gharama yake humrudia mkulima mwenyewe.

Njia ya pili ina nguvu zaidi, na mwanachama wa ushirika anayo kisheria. Katika mkutano mkuu wa chama cha msingi, mwenye miche 50 ana kura moja sawa na mwenye miche 2,000. Anaweza kuhoji hesabu na kuikataa bodi. Mtumiaji wa WhatsApp hana mkutano mkuu. Akipaza sauti, kinachoweza kumsaidia ni sheria ya nchi. Nigeria imeonyesha mfano: Julai 2024 mamlaka yake ya ushindani na ulinzi wa walaji iliitoza Meta, mmiliki wa WhatsApp, faini ya dola milioni 220 baada ya uchunguzi uliogusa masharti hayo ya 2021. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ni vema vyama vya ushirika vikaifahamu.

Wakati huo huo, yapo mambo ambayo hayasubiri Serikali. Orodha ya wanachama, namba zao za simu na uzito wa kahawa waliyopeleka viandikwe kwenye daftari la chama, na nakala itunzwe mahali pengine. Tangazo la mkutano lipite pia kwa ujumbe mfupi wa kawaida na kubandikwa ghalani. Oktoba 4, 2021 WhatsApp ilizimika duniani kwa takriban saa sita. Picha za vitambulisho na namba za akaunti za benki zisitumwe kwenye kundi. Msimamizi wa kundi naye ateuliwe na wanachama, wawepo angalau wawili, ili mmoja akigombana na wenzake asiondoke na funguo.

Chama chenye orodha yake kinaweza kuhamia mtandao mwingine kwa siku moja, wanachama wote kwa pamoja, na hapo ndipo hasira ya watumiaji huwa na uzito mbele ya kampuni yoyote. Kisicho na orodha kitabaki kulalamika ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Wahenga walikwishaonya: mali bila daftari hupotea bila habari.