Mkataba kwanza, ulingo baadaye

Vijana wa Nyakato, hapa Mwanza, wanaofuatilia MMA (mapigano mseto) humtaja Francis Ngannou kwa mambo mawili: uzito wa ngumi yake na umaskini alikotoka. Yote ni kweli. Mcameroon huyu, aliyezaliwa Batié mwaka 1986, alichimba mchanga tangu utotoni, akavuka jangwa la Sahara hadi Morocco, akawekwa kizuizini Hispania, na mwaka 2013 akafika Paris akiwa hana pa kulala. Machi 27, 2021 alimlaza Stipe Miocic katika raundi ya pili na kuwa bingwa wa uzito wa juu wa UFC, kampuni kubwa ya MMA. Habari hii inatia moyo, lakini jinsi tunavyoisimulia inanitia wasiwasi, maana inamwaminisha kijana kwamba akiteseka vya kutosha na kupiga kwa nguvu, mengine yatajipa. Kama shida ingezaa mabingwa, Mwanza ingejaa mikanda. Wapo hapa wanaoshinda juani wakipasua kokoto kwa nyundo vilimani, wapo wanaojaza malori mchanga kwa beleshi. Nguvu wanazo, na wako palepale.

Kwangu mimi, kilele cha kazi ya Ngannou kilikuwa nje ya ulingo. Januari 2022 alimshinda Ciryl Gane kwa pointi baada ya raundi tano, goti lake likiwa limeumia tangu kabla ya pambano. Malipo yake yaliyotangazwa yalikuwa dola 600,000, kiasi ambacho bingwa wa ndondi wa uzito huo asingekikubali. Mkataba ulimfunga asipigane kwingine, na ulikuwa na kipengele cha kumwongezea bingwa muda bila yeye kutaka. Alivutana na UFC mwaka mzima. Alidai uhuru wa kupigana ndondi, haki ya kuvaa nembo za wadhamini wake, bima ya afya kwa wapiganaji wote na mtu wa kuwasemea kwenye vikao. Hawakuelewana. Januari 2023 aliondoka, na mkanda akauacha. Oktoba 28 mwaka huohuo, mjini Riyadh, alimwangusha bondia Tyson Fury katika raundi ya tatu, akashindwa kwa pointi, majaji wawili wakimpa Fury na mmoja akimpa yeye. Kabla ya pambano hilo PFL, kampuni nyingine ya MMA, ilikuwa imemsajili kwa mkataba ulioripotiwa kuhakikisha kwamba hata mpinzani wake halipwi chini ya dola milioni 2, na ikamkabidhi uenyekiti wa PFL Afrika, mashindano ambayo Oktoba 2025 yalifika Kigali, safari ya basi ya siku moja kutoka Mwanza.

Tuseme hayo ni ya wakubwa na hayatuhusu? Bondia Hassan Mwakinyo wa Tanga alimshangaza Sam Eggington kwao Birmingham, Septemba 2018, kwa TKO ya raundi ya pili. Mwaka 2023 alijitoa kwenye pambano akidai makubaliano yamekiukwa, na Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa (TPBRC) ikamfungia. Simhukumu yeye wala promota wake. Ninachosema ni kwamba bondia mwenye jina kubwa kuliko wote nchini aliingia kwenye mgogoro wa karatasi, akapoteza muda ambao mwili wa mwanamichezo haurudishi. Baya zaidi lilitokea Desemba 2024, pale bondia Hassan Mgaya alipofariki dunia baada ya kupigwa KO katika pambano jijini Dar es Salaam. Swali la nani anagharamia matibabu, na familia inabaki na nini, linapaswa kuwa limejibiwa kwa maandishi kabla kengele ya kwanza haijalia.

Watakaonipinga watasema Ngannou mwenyewe alijiponza: Machi 2024 bondia Anthony Joshua alimlaza katika raundi ya pili, na tangu aondoke UFC amepanda ulingoni mara chache mno. Ni kweli, umri umekwenda na mapambano ni machache. Lakini mapambano hayo mawili ya ndondi, kwa taarifa zote, yalimlipa kuliko alivyowahi kulipwa akiwa bingwa, na aliyachagua mwenyewe. Pingamizi zito zaidi ni kwamba bingwa wa dunia anaweza kugoma, ila chipukizi wa Nyakato akigoma promota anamchukua mwingine kesho yake. Sina ubishi na hilo, na ndiyo sababu mzigo huu hauwezi kuachiwa kijana mmoja mmoja. Hata Marekani sheria ya mwaka 2000 yenye jina la Muhammad Ali iliwekwa kuwalinda mabondia wasinyonywe kwa mikataba. Wapiganaji wa MMA, ambao haiwagusi, walilazimika kwenda mahakamani, na mwaka 2025 ndipo malipo ya dola milioni 375 kutoka UFC yakaidhinishwa, zaidi ya miaka kumi tangu kesi ifunguliwe. Kuna pia hoja ya mapromota wadogo, kwamba tiketi hazirudishi hata gharama za ukumbi, sembuse bima. Nawaelewa, kwani bila wao hakuna mchezo mikoani. Hata hivyo, pambano lisiloweza kumudu daktari na gari la wagonjwa lisifanyike.

TPBRC na Baraza la Michezo la Taifa (BMT) watoe mkataba mmoja wa mfano, kwa Kiswahili chepesi, unaotaja malipo, tarehe ya kulipwa, bima, na haki ya kila upande pambano likivunjika, na pambano lolote lisipewe kibali bila nakala iliyosainiwa. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kinafundisha sheria hapahapa Mwanza. Walimu na wanafunzi wake wajitolee kuwasomea mabondia mikataba hiyo. Nawe kijana unayejifua jioni baada ya kushusha mizigo, ukiletewa karatasi leo, usisaini leo. Iombe, ondoka nayo, itafutie mtu wa kukusomea mpaka mstari wa mwisho.